Tunza Siri ya Mgonjwa, Usiizike Taabu Yako

Ndugu zangu mnaowahudumia wenye virusi vya UKIMWI, au SIDA kama tunavyosema hapa Likasi, Kongo, nasaha za leo ni zenu: wauguzi, washauri, watu wa maabara, na ninyi mnaotembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokatiza dawa. Kazi mnaijua kuliko mimi. Ninalotaka kulisema ni juu ya mwenendo wetu pale moyo unapochoka.

Mmeahidi kutunza siri za watu, na wengi wenu mmezitunza kwa uaminifu mkubwa. Kutoka hapo mkazoea kunyamaza, hata mkazinyamazia na taabu zenu wenyewe. Lakini taabu iliyofungiwa moyoni haitulii. Hutokea kwenye ukali kwa mgonjwa, kwenye kofi analopigwa mtoto asiye na kosa, kwenye kikombe cha lutuku, ile pombe yetu kali, jioni. Neno langu ni hili: siri ya mgonjwa ni amana, kaa nayo hadi kaburini, taabu yako ni mzigo, na mzigo hutuliwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwenye kuficha uchovu wa moyo naye, itafika siku hatazaa huruma.

Kazi ilivyo

Wasioijua kazi hii hudhani ni kuhesabu vidonge tu. Likasi ni mji wa barabara na reli. Malori yenye shaba na kobalti hupita hapa yakitoka Kolwezi kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, na madereva hulala njiani. Wachimbaji wa mikono huja na kuondoka wakifuata mgodi unaotoa. Aliyeanza dawa leo hapa Kikula, mwezi ujao yuko Fungurume na simu yake haipatikani. Mhudumu anabaki na jina kwenye daftari, akijiuliza kama mwenye jina yu hai.

Tena mji wenyewe ni mdogo kwa mambo ya watu. Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120 kutoka hapa, mtu anaweza kupotea katika umati. Likasi hapotei. Mgonjwa wako ni wifi yako, ni mwalimu wa mwanao, ni kiongozi wa kwaya unayoimba nayo Jumapili. Ukikutana naye sokoni unapita kama humjui, maana salamu yako tu inaweza kumfanya jirani aulize mlijuana wapi. Siku nyingine mdogo wako anakuja kukuonyesha mchumba wake, na uso ule umeshauona kwenye benchi la kituo. Unatabasamu, unampa mkono, unakula bukari, ugali wetu, pamoja nao, na usiku hulali.

Kitazameni na kichupa cha dawa. Vidonge thelathini vya mwezi mmoja viko ndani ya kichupa cha plastiki, na mtu akitembea vinalia. Wako wagonjwa wanaouogopa mlio huo kuliko ugonjwa. Basi utamwona muuguzi anasokota pamba, anaishindilia juu ya vidonge, anatikisa kichupa karibu na sikio lake mpaka kinyamaze, ndipo anampa mama akifukie ndani ya mfuko wa unga. Tendo hilo haliandikwi katika ripoti ya mwezi, lakini huenda ndilo lililomfanya mama yule arudi mwezi uliofuata.

Halafu kuna mgonjwa uliyemlea miaka, akanenepa, akarudi kazini, kisha akatangaziwa kwenye maombi ya usiku kwamba amepona, akatupa dawa. Anarudishwa kwako amebebwa mgongoni. Unampokea, unaanza upya, na ndani yako kuna hasira usiyojua pa kuipeleka.

Juu ya yote ni fedha. Nchini mwetu wahudumu wengi wa afya hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa primu, yaani posho ya kazi, isiyo na tarehe na kwa sehemu ndogo ya malipo ya wagonjwa. Likasi inajua maana ya kufanya kazi bila kulipwa. Wazee wa kampuni ya madini ya Gécamines wanaikumbuka miezi mingi isiyo na mshahara, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi huo rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Haut-Katanga, mkoa wetu, ilikuwa kati ya mikoa ya Kongo iliyotegemea PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003. Ruhusa ya kuendelea kutoa dawa ilikuja baada ya siku chache, lakini miradi mingi haikuinuka tena, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafunga shughuli zake. Nchi yenye watu zaidi ya nusu milioni wanaoishi na virusi ilijikuta na mikono michache zaidi. Popote mshauri aliposimamishwa, wagonjwa wake hawakusimama. Walihamia kwenye foleni ya aliyebaki.

Nimeyataja haya kwa urefu ili mhudumu asijione dhaifu. Anayechoka chini ya mzigo kama huu ana haki ya kuchoka.

Zitambue dalili

Uchovu huu umechunguzwa. Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyejitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika juu ya wenzake walioingia kazini na moto wa huruma wakaishia kuwa majivu. Baadaye Christina Maslach na Susan Jackson wakatengeneza kipimo chake, kilichochapishwa mwaka 1981. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa, likisema kwamba unatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Sikia vizuri, ndugu yangu: unatokana na kazi. Hautokani na upungufu wa imani wala na malezi mabaya.

Dalili zake kuu ni tatu. Ya kwanza, unaamka umechoka kama ulivyolala, na Jumapili jioni tumbo linakaza ukifikiria Jumatatu. Ya pili, mgonjwa anaacha kuwa mtu machoni pako. Anakuwa namba ya faili, "yule wa kuchelewa", "yule wa kifua kikuu". Ya tatu, unaona kazi yako haina faida, kwamba umetia maji ndani ya kapu miaka yote hii.

Dalili ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu anayeumia ni mwingine. Ile ya kwanza unaumia wewe, na watu wanaona. Ile ya pili unaweza kuiita uzoefu wa kazi, ukajisifu kwamba umekuwa mgumu. Haiji kwa siku moja. Bandu bandu huisha gogo: leo hukumtazama mgonjwa usoni, kesho hukumjibu salamu, keshokutwa umemwambia mbele ya watu, "Wewe tena? Dawa unakunywa au unauza?" Benchi zima limesikia. Mwezi ujao haji.

Hata wewe ukiwa huoni dalili hizo, mwenzako anaziona. Nawe ukiziona kwa mwenzako, mwambie, lakini kwa heshima na faraghani: "Yaya, siku hizi hucheki. Kuna nini?" Swali hilo likitoka kwa mtu anayekupenda, lina dawa ndani yake.

Mungu hakumkemea Eliya

Wengi wetu hapa ni watu wa kanisa, na kanisani tumefundishwa kuvumilia. Nawasihi msome upya habari ya nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Huyu ndiye aliyekuwa ametoka kushinda mlimani Karmeli. Baada ya ushindi ule alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea kwa kukosa imani, wala hakumpa kazi mpya papo hapo. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji. Akamwacha alale tena. Akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu. Agizo la kazi lilikuja baadaye sana, na lilipokuja lilikuwa na jina la mwenzake, Elisha, wa kumsaidia.

Basi mpangilio wa Mungu kwa mtumishi aliyechoka ni usingizi, chakula, kusikilizwa, mwenzi, ndipo kazi. Anayekwambia uombe tu na uendelee, amekupa sehemu ya neno na kuacha nyingine. Na ukifika mahali pa kutamani kufa kama Eliya alivyotamani, usikae peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mkeo au mumeo, mpigie dada yako, mwendee daktari unayemwamini. Hilo si jambo la kungoja mwisho wa juma.

Chunga ulimi

Nimesema uchovu ni haki yako. Ukali kwa mgonjwa hauna haki hiyo. Kati ya kuchoka na kutukana kuna hatua moja ndogo, na hapo ndipo mwenendo wa mtu unapopimwa.

Hasira ikikupanda ukiwa na mgonjwa mbele yako, weka kalamu chini. Omba radhi, toka nje, nawa uso, vuta pumzi, urudi. Ukiona bado, mwombe mwenzako ampokee huyo mmoja, nawe umpokelee wake kesho. Hakuna aibu katika kubadilishana mgonjwa. Aibu ni kumvunja mtu aliyekuja kwako akiwa amevunjika. Na ukishateleza, mfuate kabla hajatoka langoni, umwambie, "Mama, nimesema vibaya, unisamehe." Wako wanaodhani mhudumu akiomba msamaha anapoteza heshima. Mgonjwa aliyeombwa msamaha hurudi, na heshima yako hurudi pamoja naye.

Usimwulize mgonjwa kwa sauti ya hukumu alikoutoa ugonjwa. Watafiti walioandika katika jarida la Science mwaka 2014 walionyesha kwamba virusi hivi, vilivyoanza kuenea Kinshasa yapata mwaka 1920, vilisafiri na watu, hasa kwa reli, vikafika Lubumbashi kabla ya mwaka 1950. Njia ile ilifunguliwa enzi za ukoloni, kwa ajili ya shaba na almasi, kabla wazazi wa huyu aliyekaa mbele yako hawajazaliwa. Tunapokea matokeo ya historia ndefu. Hatukuajiriwa kuwa mahakimu wake.

Kutua mzigo bila kumwaga siri

Sasa nafika kwenye kiini. Wengi mtaniuliza: nitasemaje taabu yangu, na taabu yangu yote imeshikana na siri za watu? Swali ni zuri, na jibu lake linahitaji uangalifu.

Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na virusi katika nchi yetu, na siri ya hali yao imo ndani ya ulinzi huo. Kuvunja siri ni kosa mbele ya sheria, na mbele ya Mungu ni kuiba kitu kisichoweza kurudishwa. Na katika mji kama wetu si lazima utaje jina ndipo umtaje mtu. Ukisema "mke wa mwalimu fulani wa Panda", umekwisha kumtaja. Ukisema "yule mchimbaji mwenye kovu", umekwisha kumtaja. Hata ukisema "leo nimemwona mtu wa kanisani kwetu", watu watahesabu vichwa.

Basi jifunze kusema yaliyokupata wewe, ukayaacha yaliyompata yeye. Sema: "Leo nimetoa majibu mazito, mikono yangu ilikuwa inatetemeka." Sema: "Nimefiwa na mtu niliyemhudumia miaka mingi, sikupata hata nafasi ya kulia." Sema: "Najua jambo la nyumbani ambalo siwezi kulisema, linanila." Maneno kama hayo hayamfichui mtu yeyote, nayo yanaupunguzia moyo uzito. Anayekusikiliza naye awe na adabu ya kutouliza ni nani.

Na lile la mchumba wa mdogo wako? Usiseme nyumbani, wala usidokeze. Mahali pa kulisema ni kituoni, na mtu wa kuambiwa ni mgonjwa mwenyewe, akija kwa zamu yake. Mshauri namna ya kumweleza mwenzake, mwambie uko tayari kukaa nao wote wawili akitaka, au mpeleke kwa mshauri mwingine asiye wa ukoo wenu. Kumbuka na elimu yako: mtu anayekunywa dawa vizuri hadi kipimo kisione virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa mtu kama huyo, jambo unalolibeba kama bomu limekwisha kutolewa utambi na dawa unazompa kila mwezi kwa mkono wako.

Nani basi wa kumwambia? Kwanza ni mwenzako wa kazi, aliyefungwa na kiapo kile kile. Tazameni ndugu zetu wa Uganda. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago. Mwaka 1986 mumewe aligunduliwa kuwa na UKIMWI akiwa masomoni Uingereza. Alifariki Januari 1987. Kaleeba na wenzake wachache, wengi wao wakiwa na virusi wenyewe, walikuwa wakikutana kusali, kulia, na kuambiana yaliyowapata. Kutokana na vikao vile ikazaliwa TASO mwaka huo huo wa 1987, shirika lililokuja kuhudumia maelfu kwa maelfu ya Waganda, tangu miaka ambayo dawa za virusi zilikuwa hazijawafikia wengi. Angalieni mpangilio: walianza kwa kusikilizana wao kwa wao, na nguvu ya kuwasikiliza wengine ikatoka humo.

Hilo linaweza kufanyika Likasi bila mradi wala mfadhili. Mnajua likelemba: watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anapokea. Fanyeni kikao cha namna hiyo kwa ajili ya moyo. Mara moja kwa juma, wagonjwa wakishaondoka, ketini watu watano au sita, mlango umefungwa, simu zimezimwa. Kila mmoja aseme dakika chache lililomlemea juma hilo. Wengine wasikilize bila kumkatiza, bila kumhubiria, bila kumpa mfano wa mtu aliyeteseka zaidi. Jina la mgonjwa lisitajwe. Linalosemwa humo lisitoke. Na mkubwa wa kituo akiwamo, akae kama mmoja wao, na asilitumie neno lililosemwa humo kumpunguzia mtu alama za kazi. Msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi unatuonya: kwa mbali wa mwingine huonekana mwepesi. Ukimsikia akieleza, ndipo unajua uzito wake.

Njia zinazodanganya

Mwili ukichoka hutafuta njia ya mkato. Ya kwanza ni pombe. Chupa ya bia na marafiki Jumamosi ni jambo moja. Lutuku kila jioni ili usingizi uje ni jambo lingine kabisa. Usingizi wa pombe hukatika saa nane usiku, na mawazo uliyoyakimbia yanakukuta macho.

Ya pili ni kabati la dawa. Ninyi mnashika ufunguo. Kidonge kimoja cha diazepamu leo ili ulale, viwili kesho, na baada ya majuma machache mwili haulali bila hicho. Ukiona mkono wako umeanza kwenda kabatini kwa ajili yako mwenyewe, mwambie daktari siku hiyo hiyo, akutibu kama anavyotibu wengine.

Ya tatu ni kutoroka taratibu: kuchelewa, kuugua kila Jumatatu, kumwachia mwanafunzi wa uuguzi benchi zima. Mzigo haukupungua hapo. Umemwekea mwenzako, naye amechoka kama wewe. Omba ruhusa kwa uwazi. Siku moja ya kupumzika iliyoombwa mdomoni ina heshima kuliko siku kumi za kujificha.

Na ipo hofu ya sindano. Usiifiche hiyo hata saa moja. Ukijichoma na sindano iliyotoka kwa mwenye virusi, hatari ya kuambukizwa ni ndogo, kama watu watatu katika kila elfu waliochomwa, lakini ipo. Osha kidonda kwa maji na sabuni, usikikamue, toa taarifa, uanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na uzinywe siku 28 bila kukatiza. Wako waliojichoma wakanyamaza kwa kuogopa midomo ya wenzao, wakakaa miezi wakijitazama mwilini kila asubuhi. Kituo kinachomcheka aliyejichoma kinawafundisha wote waliobaki kuficha.

Nasema pia na wewe mhudumu unayeishi na virusi mwenyewe, ukichukua dawa zako mji mwingine ili wenzako wasijue. Hudaiwi na mtu yeyote kujitangaza. Ila usikose dozi kwa sababu ya nauli au ya aibu. Na ninyi wenzake, mkijua, mtunzieni siri kama mnavyomtunzia mgonjwa mwingine yeyote, kwa maana sheria na kiapo havimtengi muuguzi.

Lieni wafu wenu

Mtu wa ukoo akifa tunakaa matanga. Tunalia, tunaimba, tunapika, tunakumbuka maneno yake, na siku zikiisha moyo umepata mahali pa kusimama. Mgonjwa wako akifa unafanya nini? Unapiga mstari kwenye daftari, unaita anayefuata. Huwezi hata kwenda msibani, kwa kuwa watu watauliza muuguzi wa kitengo kile amemjuaje marehemu. Vifo vya namna hiyo hujikusanya. Basi tengeni nafasi. Katika kile kikao cha juma, kabla ya kutawanyika, simameni kimya kwa ajili ya wote waliofariki mwezi huo, bila kutaja majina. Mwenye kutaka kulia alie, mwenye kuomba aombe.

Mkumbuke na waliorudiwa na nguvu. Mwaka 1984 katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa, kazi iliyoitwa Projet SIDA ilipoanza, daktari Bila Kapita na wenzake waliziona wodi zikijaa vijana wakikonda, na hawakuwa na kidonge hata kimoja cha kukizuia kirusi. Walibaki na macho ya kuchunguza na mikono ya kugusa. Leo wewe una kidonge kimoja kwa siku. Mama anayekinywa vizuri kwa kawaida huzaa mtoto asiye na virusi. Ukiambiwa na moyo wako kwamba unatia maji ndani ya kapu, fungua daftari la watoto, uhesabu walioandikwa hawana maambukizi. Hesabu ile ni jasho lako.

Kwa wakubwa wa kazi

Nasaha hii haitakuwa ya haki nikimwambia aliyebeba avumilie, nikamwacha anayepakia. Yethro, mkwe wa Musa, alipomwona Musa ameketi kuwaamua watu peke yake tangu asubuhi mpaka jioni, hakumsifu kwa bidii. Alimwambia kwamba jambo lile si jema, kwamba atadhoofika yeye na watu wake pia, kisha akamwonyesha jinsi ya kugawa kazi kwa wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Habari hiyo imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18.

Wewe muuguzi mkuu, wewe daktari wa zone ya afya, wewe msimamizi wa mradi: wahudumu wapokezane zamu ya kutoa majibu, mtu mmoja asiwe mtoa habari mbaya mwaka mzima. Primu ikija, isomwe mbele ya wote na igawanywe mbele ya wote, hata ikiwa ndogo. Kidogo kilichogawanywa gizani huumiza kuliko kukosa. Usimgombeze mhudumu mbele ya wagonjwa. Likizo yake mpe ikiwa na tarehe. Wagonjwa walio imara wapewe dawa za miezi mitatu au zaidi kama utaratibu unavyoruhusu, foleni ipungue kwa wote. Na usimwite mtu mvivu kabla hujahesabu amepokea wangapi siku hiyo. Kumhubiria mtu uvumilivu huku unaushika mshahara wake ni dhuluma, na dhuluma haigeuki kuwa jema kwa kuvikwa maneno ya dini. Wanaodai haki yao ya malipo kwa utaratibu wafanye hivyo bila kuona haya. Kumpenda mgonjwa hakumfungi mtu kula hewa.

Kwa nyumba za wahudumu

Mume, mke, watoto: mhudumu akirudi, mpeni nusu saa ya maji, chakula na ukimya kabla ya kumwekea matatizo ya nyumba. Msimwulize nani alikuja leo. Akisema amechoka, msimwambie kwamba yeye hukaa tu kivulini. Nawe mgonjwa, umeumia zaidi, nalijua hilo. Lakini asante yako, siku unayoweza kuitoa, humtia muuguzi nguvu ya kumpokea aliye nyuma yako vizuri.

Mwisho, ndugu yangu mhudumu, usisubiri semina wala mfadhili. Juma hili mchague mwenzako mmoja unayemwamini, mkubaliane siku na saa ya kukaa, na ukifika uwe wa kwanza kusema. Wewe ukianza, naye atapata ujasiri. Mkiwa wawili, wa tatu atakuja. Wagonjwa wa Likasi wanawahitaji miaka mingi ijayo, na miaka hiyo mtaifikia mkiwa mmeshikana.